Nyumba Pasipo na Nyumba: Mama wa Familia Njiani Kwenda Magharibi mwa Marekani

Tarehe 9 Aprili 1853, Amelia Stewart Knight aliondoka nyumbani kwake Iowa pamoja na mumewe na watoto wao saba, wakaanza safari ya kwenda Oregon. Alikuwa mjamzito. Shajara aliyoiandika njiani nimeisoma mara nyingi katika kazi yangu ya kufundisha historia ya wanawake, na kila mara jambo lilelile hunigusa: anaandika habari za mvua, za malisho, za ng'ombe waliokufa na za watoto wanaoumwa, lakini mimba yake haitaji waziwazi, mpaka mwishoni kabisa anapoandika kwamba mtoto wa nane amezaliwa.

Wengi wetu tukisikia habari za safari hizo hufikiria mapigano na wanyama wakali. Kwa maoni yangu, mzigo mzito zaidi wa mama wa familia ulikuwa huu: kuendesha nyumba mahali pasipo na nyumba, na kuzaa na kulea akiwa ameachana na mama yake, dada zake na majirani waliozoea kumpokea mtoto na kumpikia. Mara nyingi mume ndiye aliyeamua kuhama, na mke hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa.

Njia ya Oregon ilikuwa na urefu wa kilomita 3,200 hivi kutoka Missouri, na safari ilichukua miezi minne hadi sita. Magari ya mbao yaliyofunikwa turubai na kukokotwa na maksai yalijaa unga, nyama ya chumvi na vyombo, kwa hiyo watu wengi walitembea kwa miguu. Katika bonde la mto Platte, huko Nebraska, miti ilikuwa michache, na wanawake na watoto walikusanya kinyesi kikavu cha nyati katika aproni zao ili wapate moto wa kupikia. Jioni, wanaume walipokwisha kufungua maksai, kazi ya mama ilikuwa ndiyo kwanza inaanza: kuchota maji, kukanda unga, kuoka mkate kwenye upepo, kukausha matandiko yaliyolowa, kisha kuamka kabla ya jua kupika tena.

Watoto walikuwa hofu isiyokwisha. Mtoto mdogo wa Knight, Chatfield, alianguka kutoka garini akanusurika kukanyagwa na magurudumu. Siku nyingine waliondoka mtoni wakamwacha binti yao Lucy, kwa kuwa kila mmoja alidhani yumo katika gari jingine, na walikuwa wamekwenda mbali walipoletewa mtoto na msafara uliokuwa ukiwafuata nyuma. Milimani, karibu na mwisho wa safari, mama huyu ambaye siku zake zilikuwa zimekaribia alitembea katika theluji, tope na maji karibu ya magoti, amembeba mdogo na kumkokota mwingine. Hakukuwa na arobaini ya kupumzika. Siku chache baada ya kujifungua kando ya njia, familia ilivushwa mto Columbia kwa mitumbwi na mashua, kazi iliyochukua siku tatu. Huko mumewe alibadilisha maksai kwa shamba lenye kibanda cha magogo kisicho na madirisha.

Knight alifika na watoto wake wote. Wengine walizika. Kipindupindu kilichosambaa miaka ya 1849 hadi 1852 kiliweza kumuua mtu mzima kwa siku moja, na misafara mingine ilipitisha magari juu ya kaburi ili mbwa mwitu wasilitambue na kulifukua. Kwa mama aliyelaza mtoto hapo, maana yake ilikuwa kwamba hata akirudi hatapajua.

Waliohamia Nebraska na Kansas baada ya sheria ya ardhi ya 1862, iliyotoa ekari 160 kwa atakayeishi juu yake na kuilima miaka mitano, walijenga kwa mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na mizizi ya nyasi. Paa liliendelea kudondosha maji ya tope hata mvua ikiisha kunyesha. Wanawake walitandika kitambaa darini ili udongo na wadudu wasiangukie sufuriani. Mwanamke asiye na mume aliweza kudai ardhi hiyo kwa jina lake, lakini aliyeolewa kwa kawaida hakuweza, ingawa jasho lake lilikuwa katika kila ekari.

Siwezi kumaliza bila Biddy Mason, mwanamke Mweusi aliyekuwa mtumwa, kwa sababu yeye hakuamuliwa safari hata na mume bali na bwana aliyemmiliki. Mwaka 1848 alitembea kutoka Mississippi hadi Utah nyuma ya magari ya bwana huyo, akichunga mifugo na kulea binti zake watatu, mdogo akiwa bado ananyonya. Baadaye walipelekwa California, na mwaka 1856 jaji mmoja wa Los Angeles alitamka kwamba yeye na wenzake 13 ni watu huru. Alibaki mjini humo, akawa mkunga, na wanawake wengi waliofika huko wakiwa mbali na mama zao walizalishwa na mikono yake.