Je, wajua? Kijiti cha mforosadi huchipua majani kabla hakijaota mzizi hata mmoja

Umekata kijiti cha mforosadi, umekichomeka kwenye udongo, na baada ya siku kumi kimetoa majani mabichi yanayong'aa. Je, kimeshika? Kwa miaka mingi mimi nilijibu ndiyo, na wengi walioniuliza niliwaambia hivyo hivyo. Jibu sahihi ni hapana, bado.

Nililijua hilo kwa vijiti sita nilivyoomba kwa jirani, kila kimoja unene wa penseli. Nilivichomeka kwenye viriba, nikaviweka chini ya mwembe. Siku ya tisa macho yakafumbuka. Wiki ya tatu kila kijiti kilikuwa na majani manne au matano, na kimoja kilikuwa kimebeba forosadi tatu za kijani, ndogo kuliko punje ya mbaazi. Nikaona kazi imekwisha. Nikavitoa juani, nikapunguza maji. Wiki ya tano majani yalilegea asubuhi na hayakuinuka tena jioni. Nilipochomoa kijiti cha kwanza kilitoka laini, kama kijiko kwenye uji. Chini, pale nilipokata, palikuwa na uvimbe mweupe mithili ya makombo ya ugali. Mzizi haukuwepo. Vyote sita vilikuwa hivyo.

Sasa majani yale yalitoka wapi, na matunda juu yake?

Tuanzie kwenye jicho lenyewe. Jicho la mforosadi ni kama sanduku lililokwisha kupangwa. Ndani yake mna majani madogo yaliyokunjwa, na mara nyingi maua pia, vyote vikiwa vimeumbwa kijiti kingali kwenye mti mama. Ubao wa kijiti nao una wanga na maji. Likija joto na unyevu, wanga hugeuzwa sukari, sukari hupelekwa kwenye jicho, na sanduku hufunguka. Shughuli yote hiyo haihitaji mzizi. Kiazi kilichosahaulika ndani ya gunia jikoni hutoa machipukizi marefu gizani, wala hakuna anayesema kiazi kile kimeota. Tunajua kinakula mwili wake. Kijiti cha mforosadi hufanya vilevile, ila kwa kuwa kimesimama kwenye udongo, tunakidhania mti.

Ndiyo maana hata forosadi zile tatu hazikuthibitisha chochote. Maua yalikuwa tayari ndani ya jicho siku nilipokata, na kijiti kilikuwa kinamaliza kazi ambayo mti mama uliianza. Siku hizi nikiona tunda kwenye kijiti kichanga nalitoa mara moja, maana kila tone la sukari linaloingia kwenye tunda limetoka kwenye akiba ambayo ingejenga mzizi.

Kuna hesabu nyingine ya hatari zaidi kuliko ya wanga, nayo ni ya maji. Kila jani lina vitundu vidogo mno vya kupitishia hewa, na vikiwa wazi maji hutoka. Kijiti kisicho na mizizi hunyonya maji kwa kidonda chake cha chini, kama ua lililokatwa na kuwekwa kwenye chombo mezani. Njia hiyo hufanya kazi kwa muda, kisha mirija huanza kuziba. Kadiri majani yanavyokuwa mengi na makubwa, ndivyo kijiti kinavyopoteza maji kisiyoweza kuyarudisha. Kumbe yale majani niliyokuwa nikiyahesabu kila asubuhi kwa furaha ndiyo yaliyokuwa yakivikausha vijiti vyangu.

Mizizi huja kwa njia yake, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu ya habari nzima. Macho na majani machanga hutengeneza homoni iitwayo auksini. Mwaka 1928 Frits Went, mtaalamu wa mimea wa Uholanzi, alichapisha majaribio yake ya kunasa kemikali hiyo kutoka ncha za miche ya oti, nafaka iitwayo oats kwa Kiingereza. Auksini hushuka kutoka seli hadi seli, daima kuelekea upande wa mizizi. Kwenye mti mzima inashuka bila kizuizi. Kwenye kijiti inafika mahali ulipopitisha kisu na kukuta njia imekatika.

Fikiria barabara kuu ambayo daraja lake limebebwa na mafuriko. Malori hayajui, yanazidi kuja. La kwanza linasimama ukingoni, la pili nyuma yake, hadi foleni inajaa. Baada ya saa chache anatokea mama mwenye chupa za chai, kesho yake yuko wa chapati na maharage, mwisho wa wiki pana vibanda na mtu wa kuchaji simu. Hapakuwa na soko pale, wala hakuna aliyepanga soko. Msongamano ndio uliolizaa. Auksini inaposongamana kwenye kitako cha kijiti, seli zilizo karibu na kambiamu, lile tabaka jembamba kati ya ganda na ubao, huacha kazi zake za zamani. Huanza kugawanyika kwa mpangilio mpya, na kutoka humo ncha ya mzizi huchomoza na kupasua ganda.

Soko halijengwi kwa siku moja, na mzizi vivyo hivyo. Jicho linafunguka ndani ya wiki moja au mbili kwa sababu vilivyomo vilikuwa tayari. Mzizi unaanza kuumbwa upya, ndiyo maana mara nyingi huchukua mwezi na zaidi. Kati ya majani na mizizi kuna pengo la wiki kadhaa, na humo ndimo vijiti vingi hufia.

Na ule uvimbe mweupe? Huo ni kovu. Seli za kidonda hujifunika kwa tishu laini isiyo na mpangilio. Kijiti kinaweza kuwa na kovu nene na kisitoe mzizi kamwe, kingine kikatoa mizizi milimita chache juu ya kovu dogo. Kuuona uvimbe ni habari njema kwamba kijiti hakijaoza, basi.

Kijiti pia hakisahau upande wake wa juu. Mwaka 1878 Mjerumani Hermann Vöchting alichapisha uchunguzi wa vijiti vya mwerebi (willow kwa Kiingereza), alivyovining'iniza kwenye hewa yenye unyevu, vingine vikiwa vimepinduliwa. Mizizi ilitokea kwenye ncha iliyokuwa chini zamani, hata ilipokuwa imeelekezwa juu. Kwa sababu hiyo watunza vitalu wengi hukata kitako kwa mshazari na juu kwa mkato ulionyooka, wasije wakakosea. Ni tabia nzuri ya kuiga, kwani vijiti kumi visivyo na majani vikichanganyika mezani vinafanana pande zote.

Kuhusu mti wenyewe, kwa ufupi: mforosadi mweupe asili yake ni China, ulikosambaa pamoja na kiwavi wa hariri, ambaye chakula chake ni majani yake. Hata Kenya unapandwa kwa ajili ya ufugaji huo. Ni ndugu wa mfenesi, mshelisheli, mtini na mvule wetu, na ukoo huo utauona kwenye utomvu mweupe unaotoka ukivunja jani.

Ukielewa mambo ya akiba, maji na foleni, namna ya kupanda inajieleza. Chagua tawi lililokomaa, la kahawia, kwani lile la kijani laini halina wanga wa kutosha. Urefu wa sentimita 15 hadi 20 wenye macho matatu au manne unatosha. Ondoa majani yote makubwa. Ukibakiza, bakiza moja dogo juu na ulikate nusu. Zamisha theluthi mbili kwenye udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga, maana kitako kikikaa kwenye matope kinaoza. Mimi hufunika kila kijiti kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu niliyoikata kitako: hewa ya ndani ikiwa na unyevu, majani hayapotezi maji mengi. Kivuli ni lazima. Na usichomoe kuangalia, kwa sababu mzizi mpya hukatika kama uzi mbichi.

Watu huniuliza kuhusu maji ya dafu. Yana homoni kweli, lakini inayosifika zaidi ndani yake ni saitokinini, ambayo huchochea zaidi machipukizi kuliko mizizi. Auksini imo kidogo. Majaribio kwenye mimea mbalimbali yametoa majibu yanayopingana, kwa hiyo sitamwambia mtu apasue dafu kwa ajili ya kijiti. Poda ya dukani yenye auksini ya kutengenezwa husaidia, ingawa mforosadi mweupe hushika vizuri bila hiyo. Mforosadi mweusi ni mgumu zaidi. Halafu chukua kijiti kwenye mti ambao umeuona ukizaa: iko miforosadi ya kiume tupu, na kijiti chake kwa kawaida kitakuwa kiume vilevile. Miti hiyo ya kiume nayo ina maajabu yake. Ua la mforosadi mweupe hufyatua chavua kwa kasi inayozidi nusu ya kasi ya sauti, kama wanasayansi wa Marekani walivyopima mwaka 2006.

Dalili ninayoiamini sasa ni wimbi la pili. Majani ya kwanza hutoka, kisha kijiti hutulia wiki mbili tatu kana kwamba kimekata tamaa. Kama mizizi imepatikana, ncha huanza kurefuka tena, na safari hii majani mapya huwa makubwa kuliko ya kwanza, nayo hayalegei saa sita mchana. Ndipo ninapogeuza kiriba na kuchungulia matundu ya chini. Mzizi mchanga wa mforosadi huchungulia ukiwa mweupe, lakini ukikomaa kidogo ganda lake hugeuka rangi ya manjano iliyoiva, kama kidole kilichoshika bizari.