Je, wajua kwa nini lenta haipaswi kukatwa vipande?

Mtu anayejenga nyumba ya kawaida Nala au Ihumwa, pembezoni mwa Dodoma, hufika siku ambayo fundi humuuliza kama lenta, yaani boriti ya zege na nondo inayolazwa juu ya kuta, izunguke nyumba nzima au ipite juu ya milango na madirisha tu. Kwa kuwa nondo na saruji ni ghali, wengi huchagua vipande, wakidhani kazi ya lenta ni kubeba kozi za tofali zilizo juu ya dirisha. Hiyo ni nusu ya kazi yake.

Dodoma iko kwenye ukanda wa tawi la mashariki la Bonde la Ufa, na milima ya Chenene, kaskazini mwa mji, inajulikana kwa mitetemeko. Ardhi inapotikisika, nyumba husukumwa zaidi upande kuliko chini. Ukuta wa tofali hubeba vizuri uzito unaoukandamiza, na huvumilia kiasi msukumo unaofuata urefu wake. Ukisukumwa usoni hauna pa kujishikilia. Ufa huanzia juu konani, kuta mbili huachana, na mmoja hulala nje. Kagera walishuhudia kuta za namna hiyo zikianguka tarehe 10 Septemba 2016, katika tetemeko la ukubwa wa 5.9.

Lenta isiyokatika ni mkanda: ukuta unaosukumwa usoni hushikwa na kuta za pembeni, ambazo msukumo huohuo unazipata kwa urefu, upande wao wenye nguvu. Kwa hiyo kona ndiyo ya kukaguliwa kabla zege halijamwagwa. Nondo nne za milimita 12 zenye ringi safi (vyuma vyembamba vinavyozizunguka na kuzishika pamoja) hazisaidii kitu zikiishia konani. Sharti zikunjwe, zipite kona, zilaliane na nondo za ukuta wa pili kwa takriban sentimita 60, kisha zifungwe kwa waya.

Wala mkanda si anasa ya wenye saruji: kanuni za Peru zinautaka hata kwa nyumba za tofali mbichi. Tembe la Wagogo, nyumba ya jadi yenye paa bapa la udongo, lilitatua jambo hili kwa njia nyingine, kwani paa lake hubebwa na nguzo, si kuta, ingawa udongo wa juu ni mzito mno.

Hata lenta ikikamilika, gebo, yaani pembetatu ya ukuta iliyo chini ya paa, hubaki juu yake bila kufungwa. Pembetatu hiyo ifungwe kwenye kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), au izibwe kwa mbao au bati badala ya tofali.