Je, "agape" ni upendo wa Mungu peke yake?

Kila ifikapo Februari 14, ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu: eti Kigiriki cha Biblia kina agape, upendo safi wa Mungu, na eros, mapenzi ya wanadamu, hivyo anayeadhimisha Siku ya Wapendanao ameiacha agape.

Maandiko yenyewe hayagawanyi hivyo. Waefeso 5:25 huwaagiza waume wawapende wake zao kwa kitenzi kilekile cha agape. Kitenzi hicho kimo pia katika Yohana 3:19, watu walipopenda giza kuliko nuru, na hapo hakuna utakatifu wowote! Kinyume chake, Yohana 5:20, Baba anapompenda Mwana, hutumia kitenzi cha filia, neno jingine la Kigiriki ambalo kwa kawaida huelezwa kuwa upendo wa kirafiki. Eros halimo kabisa katika Agano Jipya. Mwenye itifaki ya Biblia (kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yalimo) yenye Kigiriki, au programu ya simu inayoonyesha neno la asili, atayaona haya kwa dakika chache.

Mkanganyiko unaeleweka. Sifa za upendo katika 1 Wakorintho 13 ni za juu mno, watu wakazibandika kwenye neno agape lenyewe. Sura ile lakini hupima matendo: huvumilia, hauhesabu mabaya. Ua la Siku ya Wapendanao lipo au halipo, Mkristo anapimwa hapo.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.