Mwenye kisukari, tazama pengo kati ya namba mbili za presha

Wagonjwa wangu wa kisukari karibu wote wanajua sukari yao ya asubuhi. Presha wanaikumbuka nusunusu: namba ya juu wanaitaja, ya chini wameisahau. Mimi huanza kwa kutoa moja kwenye nyingine. Chukua watu wawili wenye kisukari cha miaka mingi, mmoja ana 150/95, mwingine 150/65. Wa pili ndiye anayenitia wasiwasi zaidi kuhusu ateri zake, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, kwa sababu pengo lake ni 85. Kwa mtu mwenye umri mkubwa, pengo linalofika 60 tayari ni ishara kwamba ateri zimekakamaa.

Moyo unapojikaza, aota, ateri kubwa inayotoka moyoni, hutanuka kuipokea damu. Moyo unapopumzika, aota hujirudi na kuendelea kuisukuma damu mbele. Kule kutanuka huizuia namba ya juu isipande mno, na kule kujirudi huishikilia ya chini isiporomoke. Aota ikikakamaa, unapoteza yote mawili. Kwa hiyo namba ya chini inayoshuka yenyewe mwaka hadi mwaka, huku ya juu ikipanda, isikufurahishe.

Umri hukakamaza ateri za kila mtu, ila kisukari huliharakisha jambo hilo. Glukosi iliyozidi hujishikiza kwenye protini za ukuta wa mshipa, na baada ya muda hufunga nyuzi za kolajeni pamoja. Elastini, inayoupa ukuta uwezo wa kunyumbuka, mwili wa mtu mzima hautengenezi mpya ya maana; ikikatika imekatika. Utando wa ndani nao hupunguza naitriki oksidi, kemikali inayolegeza misuli ya ateri. Kisha kalsiamu hujikusanya ndani ya ukuta wenyewe, hasa miguuni, na zaidi figo zikiwa zimeanza kuchoka. Huko miguuni kalsiamu hiyo hutuhadaa sana: tukilinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, uwiano hutoka juu ya 1.4, kwa vile mkanda wa kipimo unashindwa kuibana ateri ngumu. Asiyejua husema mguu una damu tele.

Haya yote si sawa na mafuta kuziba njia. Mara nyingi huenda pamoja, lakini unaweza kuambiwa mishipa yako haijaziba na bado moyo ukawa unaumia.

Unaumiaje? Kila pigo la moyo hutuma wimbi, na sehemu ya wimbi hilo hurudi. Katika ateri laini hurudi kwa kuchelewa, moyo ukiwa umepumzika, wakati ambapo moyo wenyewe hupata sehemu kubwa ya damu yake. Katika ateri ngumu hurudi mapema na kuukuta moyo bado unasukuma. Misuli ya moyo huwa minene, inahitaji damu zaidi, na inapata kidogo. Baadaye hushindwa kulegea vizuri. Mgonjwa anahema akipanda ngazi, ilhali kipimo cha moyo kinasema nguvu ya kusukuma ni nzuri. Wimbi hilohilo hufika kwenye mishipa midogo ya ubongo na figo bila kupunguzwa makali. Ndiyo maana protini kwenye mkojo na hatari ya kiharusi hunipa picha ya ateri pia.

Kuna kipimo cha kasi ya wimbi kutoka shingoni hadi kwenye kinena. Ikizidi mita 10 kwa sekunde, ateri ni ngumu. Kliniki nyingi hazina mashine hiyo, na mkanda wa presha unatosha kuanzia.

Sukari idhibitiwe mapema, naam, lakini naomba presha isiachwe nyuma. Utafiti wa UKPDS wa Uingereza, matokeo yake ya 1998, ulilinganisha wenye kisukari aina ya 2 waliofikishwa wastani wa 144/82 na waliobaki 154/87. Viharusi vilipungua kwa asilimia 44. Tofauti ya pointi 10 tu! Mazoezi, kupunguza chumvi, kuacha sigara na statini (dawa za kupunguza kolesteroli) kwa anayezihitaji vina nafasi yao pia.

Kama namba yako ya chini iko chini sana, usiache dawa kwa hofu; mwambie daktari wako, ili dozi ikihitaji kupandishwa ipandishwe polepole. Mpelekee namba zote mbili zikiwa zimeandikwa, na uombe mkojo upimwe protini kila mwaka.