Uyoga wa Baharini Kwenye Tangi: Tunayoambizana na Yaliyo Kweli

Jina lenyewe, uyoga wa baharini, linapotosha. Anakaa juu ya jiwe kama sahani laini, hatikisiki, na mgeni akiingia sebuleni huuliza huo mmea unamwagiliwa nini. Ni mnyama. Katikati ya sahani pana mdomo, chini yake tumbo, kwa hiyo hapa nitasema "yeye". Hata kumweka kwenye kundi la matumbawe laini ni mazoea yetu tu sisi wafugaji. Matumbawe laini hasa, kwenye kila polipu (yaani kila mnyama mmoja mmoja wa tumbawe), yana minyiri minane. Uyoga ni jamaa wa karibu wa matumbawe magumu, ila yeye hajengi mifupa ya chokaa.

"Mpe mwanga mwingi akue haraka." Hapa ndipo wengi wanapomuua. Ni kweli kwamba ndani ya ngozi yake huishi mwani wadogo mno wanaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia. Lakini uyoga aina ya Discosoma, ambao ndio wanaouzwa sana, hupenda kivulikivuli. Wa kwangu wa kwanza, mwekundu mwenye madoa, nilimpandisha juu kabisa, karibu na taa ya LED. Siku ya nne alikuwa amejikunja kama kifungo cha shati, rangi imefifia. Nilimshusha chini, ubavuni mwa jiwe, na baada ya wiki tatu hivi alikuwa mpana kama kisosi. Yeye mwenyewe husema: akijinyoosha kwenda juu kama faneli, anatafuta mwanga, akisinyaa, mara nyingi mwanga au mkondo umemzidi. Pampu ikimpiga moja kwa moja, huachia jiwe na kwenda na maji.

"Maji yakipungua, ongeza maji ya bahari." Sisi wa pwani tunaponzwa na hili, kwa kuwa bahari iko jirani. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa hufika nyuzi 30, na uyoga anataka 24 hadi 26, basi tunaelekeza feni kwenye uso wa maji. Feni inapoza kwa kukausha maji, na kinachoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki. Tangi la lita 100 lina chumvi kama kilo tatu na nusu, yaani gramu 35 kwa lita. Ukifidia lita mbili kila siku kwa maji ya bahari, kwa siku kumi umeongeza gramu 700, na sasa una gramu 42 kwa lita. Kinachofidia ni maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa, si ya bomba yenye klorini. Maji ya bahari ni ya kubadilishia, na hata hayo yachotwe bahari ikiwa imejaa, mbali na bandari na midomo ya mito. Wakati wa masika usiyaamini bila kuyapima.

"Maji safi ni yale yasiyo na nitrati hata chembe." Amonia, sumu itokayo kwenye taka za viumbe, ndiyo iwe sifuri, na ndiyo sababu tangi jipya huachwa wiki nne hadi sita, bakteria wa kuila waote, kabla ya kuweka kiumbe. Nitrati ya miligramu 5 hadi 20 kwa lita haimsumbui uyoga. Ukiimaliza kabisa pamoja na fosfeti, unamshindisha njaa.

"Laini hana madhara." Sarcophyton, tumbawe laini hasa, yule mnene kama ngozi, humwaga kemikali majini kuwasukuma majirani, mkaa maalumu wa kuchujia unasaidia. Amplexidiscus, uyoga mkubwa anayeitwa sikio la tembo, hujifunga kama mfuko na samaki mdogo akabaki ndani. Wa kuogopwa kweli si uyoga, ni Palythoa na baadhi ya Zoanthus, viumbe wadogo wa makundi wanaofugwa pamoja naye. Sumu yao, palitoksini, ilitenganishwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutoka kwa Palythoa wa Hawaii. Usichemshe jiwe lenye viumbe hao, wala usilimwagie maji ya moto: huko Uingereza watu wamelazwa kwa kuvuta mvuke wake. Ukiwagusa vaa glavu, ukiwakata vaa na miwani.

"Ni dhaifu." Waulize Palmyra, katikati ya Pasifiki. Meli ya uvuvi ilikwama kwenye mwamba mwaka 1991, na kufikia 2007 uyoga aina ya Rhodactis walikuwa wametandaa kuizunguka, wakifunika matumbawe magumu. Ilibidi mabaki ya meli yaondolewe. Hata kwenye miamba ya Tanzania watafiti wamewakuta wametawala sehemu ambazo matumbawe magumu yamekufa.

Ndiyo maana kumkata si kumuua. Wembe mpya, pitisha katikati ya mdomo, na kila nusu hujiponya ikapata mdomo wake. Kazi ni kumshikisha. Gundi haimkamati kwa sababu ya ute wake. Mimi huweka vipande kwenye bakuli dogo lenye kokoto za matumbawe, nafunika kwa kipande cha chandarua kikuukuu nilichokifunga kwa mpira, kisha naliacha penye kivuli chini ya tangi. Wiki mbili baadaye navua chandarua, na kila kipande kimeng'ang'ania kokoto yake.