Kurasa Zako Hazijapotea, Zimeshushwa Tu: Kuhusu Memori Mpya ya Seva za Kisumu

Tangu tuweke memori ya CXL (memori ya ziada inayounganishwa kando ya ile ya kawaida) kwa seva mbili kubwa hapa Kisumu, simu haziishi, na watumiaji wengi wa Kakamega na Siaya wanasema kitu kimoja, eti seva imetupa data yao kwa swap, ile sehemu ya diski inayotumika memori ikijaa. Hapana jameni. Swap iko kwa diski. CXL ni memori kabisa, CPU inaisoma moja kwa moja, ni vile tu iko mbali kidogo. DRAM ya karibu, yaani memori ya kawaida, inajibu kwa kama nanosekunde 100, CXL inachukua karibu mara mbili ya hiyo ama zaidi kidogo, lakini swap hata ya SSD ni makumi ya maikrosekunde. Tafadhali msizichanganye kwa tiketi.

Kinachofanyika ni hivi. Kutoka Linux 5.15 ya 2021, DRAM ikikaribia kujaa kswapd (sehemu ya keneli, kile kiini cha Linux, inayotafuta nafasi ya memori) inaweza kuchukua kurasa, yaani vipande vidogo vya memori, ambazo hazijaguswa kwa muda na badala ya kuzitoa kwa memori inazishusha CXL, vile mama wa omena pale Kibuye anaacha mezani ile inatoka haraka na magunia mengine yanakaa stoo. Kupandisha, yaani kurudisha kurasa kutoka CXL hadi DRAM, kulikuja na 5.18, mwaka wa 2022. Hapo keneli inapita kwa kurasa za chini inaziondolea ruhusa kimakusudi, programu yako ikigusa moja inatokea folti ndogo (programu inasimama kidogo keneli ishughulikie), na siku hizi keneli inahesabu muda kati ya kupita kwake na huo mguso, ukiwa mfupi basi ukurasa ni moto, unarudi juu. Wewe huhitaji kufanya chochote.

Sasa kuna watu wameweka skripti kwa cron (ratiba ya kuendesha kazi zenyewe) inasoma dataseti yote kila baada ya dakika chache ndio "ikae moto". Hii ndiyo inatuumiza zaidi. Keneli haijui unaigiza, inaona kurasa zimeguswa, inazipandisha, na za mwenzako ambaye anafanya kazi ya ukweli zinashushwa kutafuta nafasi, halafu zake zikiguswa zinapanda tena, yaani seva inashinda ikihamisha vitu tu. Tunaiona kwa /proc/vmstat, pgpromote_success (hesabu ya kurasa zilizopandishwa) na pgdemote_kswapd (zilizoshushwa) zinapanda pamoja bila kupumua.

Wengine wanafunga kazi zao na numactl --membind=0, yaani memori itoke nodi 0 (fungu la DRAM) tu, ndio zisiguse CXL. Nodi 0 ikijaa hiyo kazi haina pa kwenda, OOM (keneli ikiua kazi memori ikikosekana) inaweza kuiua, kisha tunaandikiwa kwamba seva ni mbovu na huku nodi ya pili iko na nafasi tele.

Na wale wanaomba tuzime demotion_enabled (swichi ya kushusha kurasa CXL), tumeshasema na tunarudia, ikizimwa kurasa baridi za DRAM zitaenda swap kweli kweli, kile kitu mnaogopa.

Ukiona kazi imekuwa pole, kwanza andika numactl -H, ile nodi haina CPU ndiyo CXL. Pili andika numastat -p ukiweka PID (namba ambayo seva imeipa kazi yako), itaonyesha umekaa ngapi kwa kila nodi. Bandika zote mbili kwa tiketi, kama maandishi si picha ya skrini, na uandike saa kazi ilianza na jina la akaunti. Tiketi ikikosa PID inarudishwa, na ukijibu inaingia foleni upya kutoka nyuma. Skripti ya kupasha moto tukiipata tunaisimamisha na kukutumia onyo kwa barua pepe, ikirudi akaunti inafungwa mpaka msimamizi wako wa idara atuandikie, na barua iwe yake mwenyewe, si wewe umemwandikia.

Kama kazi yako haiwezi kuvumilia CXL kabisa, hilo linaeleweka, database zingine ziko hivyo. Omba mapema tukupangie ile seva ndogo ya DRAM pekee.