2,147,483,647: namba tasa inayozigomesha mashine za zamani

Hapa chuoni Malindi wanafunzi wangu wakiona namba ndefu wanakimbilia simu, basi leo naleta moja ambayo simu yenyewe inaijua kuliko wao: 2,147,483,647.

Chukua kibubu. Tarehe 1 Januari tia shilingi moja, tarehe 2 tia mbili, tarehe 3 nne, yaani kila siku mara mbili ya jana. Wiki nzima una 127 tu, hata samaki wa mchuzi hupati, lakini tarehe 31 peke yake utadaiwa 1,073,741,824 na ukijumlisha mwezi mzima inakuja namba yetu hiyo hiyo, haipungui hata shilingi. Kihesabu ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1.

Halafu ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hilo alilithibitisha Leonhard Euler, Mswisi, 1772, kalkuleta hakuna na macho yashaharibika karibu yote. Wewe na mimi tungejaribu kila namba tasa mpaka tuvuke 46,000, na hizo ni zaidi ya 4,700, lakini yeye aliona kwamba kigawanyo chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 248, lazima kibaki 1 au 63. Hapo 3, 7, 11, 13 zote nje, huzigusi. Namba tasa ya kwanza inayofaa ni 311, gawa namba yetu kwayo uone, inabaki 35, haikubali. Inayofuata ni mpaka 1,303! Mimi kwangu huo ndio ufundi, kujua kazi gani usiifanye.

Sasa kwa nini simu inaijua. Kompyuta za biti 32, yaani zenye nafasi 32 za kuandika 0 au 1 kwa kila namba, zinatumia biti moja kwa alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, zote zikijaa ndio unapata namba hii na juu yake hamna nafasi. Na mashine nyingi huhesabu saa kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, kwa hivyo Jumanne 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu za hapa, zile za zamani zitajaa, sekunde inayofuata zinaruka kwenye hasi na kukuambia ni Disemba 1901.

Simu za siku hizi nyingi ni biti 64, usiwe na wasiwasi nazo. Mimi naogopa zaidi rekoda za kamera za mtumba na mashine za dukani ambazo watu wananunua bei ya kutupa bila kuuliza. Kabla hujalipa, mwambie fundi aiweke tarehe ya 2040, aizime, aiwashe tena, kama imerudi miaka ya nyuma au imekataa tarehe, muachie mwenyewe.